Benchi Halina Neno la Siri

Chini ya meza, kasha moja jeusi.
Juu ya meza, skrini nne, kibodi nne, vipanya vinne,
na nyaya zikishuka gizani
kama ndama wanaogombea chuchu.

Njia mbili zilimshinda fisi.
Hili letu lina njia nne
na halijawahi kuomba likizo.

Ni mwezi wa saba, Serra do Gralhão, kusini mwa Brazili.
Sakitu hulala juu ya paa la maktaba hadi saa nne,
na wanaokuja kwa mashine hulisogezea kasha miguu kwanza,
kwa kuwa linapumua joto.
Mimi huandika majina daftarini.
Mimi pia hupangusa vumbi.

Kasha huwadanganya wote wanne.
Humpa Marlete kipande cha sekunde, likamgeukia Eliezer,
likamgeukia mtoto wa muuza mikate,
likarudi kwa Marlete kabla hajapepesa.
Kila mmoja huamini analo peke yake.
Nimewahi kumjua baba aliyeweza hivyo. Hakuwa wangu.

Hizo ni siku njema. Siku nyingine
Quelim, huyo mtoto, hufungua mchezo wa magari,
na herufi za Marlete hukwama njiani:
anachapa *mpendwa*, inatoka *mpe*,
kisha kimya, kisha *ndwa*.
"Quelim, punguza mwendo," husema bila kugeuka.
Naye hupunguza, kwenye kona, akagonga ukuta.

Hakuna aonaye ya mwenzake.
Kila mtu na neno lake la siri, na kabati lake humo ndani;
kuta nilizijenga mwenyewe, nazionea fahari.
Ila benchi ni moja.

Alhamisi ile alikuja mzee Valdomiro
kumwandikia bintiye aliye Ureno.
Hawakuwa wamesemezana tangu mazishi.
Valdomiro huchapa kwa kidole kimoja
na midomo yote miwili;
kila neno hulionja kabla ya kulitoa.
Saa moja na nusu tulisikia bila kusikiliza.

Kisha goti la Eliezer, likitafuta joto,
likagusa swichi.

Skrini nne, kifo kimoja.

Marlete alikuwa amehifadhi. Hesabu za Eliezer zilikuwa karatasini.
Gari la Quelim lilikwisha kugonga.
Valdomiro hakujua kwamba kuna kuhifadhi.
Alidhani kilichoandikwa kimeandikwa.

Nikawasha. Nikapekua.
Kumbukumbu ya kasha ilikuwa nyeupe kama paa.

"Ulianza na bomba lililoganda," Marlete akasema, akitazama kibodi yake.
"La," Eliezer, uso umemwiva. "Alianza na ng'ombe kuuzwa. Bomba lilifuata."
Na Quelim: "Halafu ukasema mama yake angecheka."

Valdomiro akawatazama mmoja mmoja
kama mtu aliyekuta nguo zake za ndani
zimeanuliwa na kukunjwa na majirani.
Nikadhani atachukua kofia.
Akavuta kibodi.
"Ng'ombe," akasema. "Kisha?"

Wakabishana: magunia mawili ya mbegu za msonobari, au matatu?
Matatu, akaamua mwenye barua, ingawa nadhani yalikuwa mawili.
Kasha zima lilikuwa lake sasa, watatu wameliachia,
lakini halikumwongezea kasi:
kidole ni kilekile kimoja.

Ukabaki mstari wa mwisho. Tukatazamana.
Huo hakuna aliyeusikia; huo, mara ya kwanza,
aliuchapa midomo imefungwa.

Akafunika skrini kwa kiganja cha kushoto.
Sisi wanne tukageukia dirisha,
sakitu ikidondoka tone kwa tone,
na nyuma yetu kitufe, kitufe, kitufe,
polepole.

Ziliponyamaza nikanyoosha mkono,
macho yangu yangali dirishani,
nikamwonyesha pa kubonyeza ili isipotee.