Uvumi Ndani ya Mbao

Winifred Ackroyd kaileta kwa kigari cha sokoni,
imefunikwa taulo, kama mtoto anayepelekwa chanjo.
Redio ya vali, mbao za mjozi, na kioo chenye miji
ambayo mingine imeshabadili jina.
"Inanong'ona," kasema. "Hata nikiipunguza mpaka mwisho."
Nje mvua ya Todmorden ilikuwa ikifanya kazi yake
juu ya vigae, bila haraka, kama mtu wa mshahara wa mwezi.

Nikaichomeka. Vali zikachukua muda wao,
nyekundu kwanza, kisha rangi ya chungwa,
kisha ikaja: mmmmmm.
Si nyuki, si ngurumo.
Ni mtu aliyefumba mdomo akiwa na jambo.

Kwetu mvumo na uvumi ni ndugu wa tumbo moja.
Wote huingia nyumbani bila hodi,
na ukiuliza nani kaanza, kila mmoja anamwonyesha jirani.
Basi nikauendea kama unavyoendewa uvumi:
nyumba kwa nyumba,
mkono mmoja kazini, mmoja mfukoni,
maana humo ndani mna volti mia tatu
na sitaki kuzipa njia ya kuvuka kifua.

Nikageuza kitufe cha sauti mpaka sifuri. Bado.
Haukuanzia kwenye antena, basi, wala kwa jirani yake.
Nikachomoa vali ya tatu kwa kitambaa, ingali moto. Bado.
Nikaifunga gridi ya vali ya mwisho na chasisi
kwa kipande cha waya chenye vibano.
Bado.
Kila aliyeulizwa alikuwa na shahidi kwamba hakuwepo.

Ikabaki kapasita moja, nene kama kopo la maziwa,
kitako kimetoka jasho la chumvi.
Kazi yake ni ya mtungi:
umeme uje ukiruka, mara mia kwa sekunde,
yeye aupokee, autulize, autoe kama maji ya kunywa.
Mtungi uliokauka hautulizi kitu.
Nikazima, nikamwaga chaji yote, nikashikiza kapasita mpya ubavuni mwake,
nikawasha.
Mvumo ukakatika
kama umbea anapoingia msemwa.

Usiku ule nililipasua lile kopo,
nikatoa matumbo yake ya karatasi na lami,
nikaficha ndani mpya mbili, ndogo kuliko kidole gumba.
Atakayechungulia ataona uzee mtupu.
Ni uongo, ndiyo, lakini uongo wenye adabu.

Alhamisi akaja. Nikawasha.
Kimya, kisha mtangazaji, karibu mno,
kana kwamba amekaa nasi na viatu vyake vimelowa.
Winifred hakuvua koti.
"Clifford alikuwa akilinganisha tuba yake na ule mlio," kasema.
"Jikoni, kila Jumanne, kabla ya mazoezi ya bendi.
Miaka thelathini na moja wenzake wanamwambia uko juu kidogo,
naye anaapa kwamba nyumbani ana noti ya uhakika."

Nilipiga hesabu kichwani. Wenzake walikuwa sahihi.
Nikamwambia naweza kuurudisha:
waya mmoja, dakika mbili, na sitadai kitu.
Akafikiri. Akanyoosha mkono, akaizima redio.

Na hapo, karakana ikiwa tupu ya sauti,
tukaisikia friji yangu nyuma ya pazia,
yenye maziwa na samaki wa jana,
imeshikilia noti ileile bila haya,
kwa kuwa waya uliomlisha Clifford
ndio huohuo unaonilisha mimi, na mtaa mzima, na taa za reli.

Winifred akainamisha sikio.
"Juu," kasema. "Bado yuko juu kidogo."
Kisha akafungua pochi, akauliza ni pauni ngapi.