Spana Namba Kumi na Tisa

Jumapili, saa kumi na moja alfajiri, tunazima feni.
Panga zake tano zinazunguka kwa uvivu, kwa mazoea,
kama mtu aliyeambiwa anyamaze akabaki akisonya.
Halafu kimya. Gofu yote inakisikia:
mbwa wa mlinzi anainuka, anajilaza tena.

Mnara huu wa kupozea maji ulisimamishwa kabla sijazaliwa.
Mbao zake za mvule ni nyeusi, laini kama mkate uliolowa chai.
Ofisini wanasema, mwakani tunaleta mpya, wa plastiki.
Hiyo mwakani ina miaka kumi na mmoja sasa,
imeshaota ndevu.

Chumvi haipigi hodi.
Inapanda usiku na upepo wa Raskazone,
inavuka reli, inavuka ukuta,
inapapasa boliti moja moja,
na penye mkwaruzo mdogo wa rangi
hapo inapiga kambi.
Nimeona ngazi ikimeguka mkononi kama biskuti.

"Vaa barakoa," namwambia Mwanamkasi.
"Ukungu wa humu una vijidudu, vinapenda mapafu."
Anavaa, anafunga mkanda, anapanda.
Ana miaka ishirini na miwili, cheti cha ufundi,
na mikono ambayo bado hainukii klorini hadi kwenye ugali.

Brashi ya waya. Patasi. Nyundo ndogo ya magamba.
Chokaa imeziba vinyunyizio, maji yanaangukia upande mmoja,
upande wa pili mbao zimekauka, zimepasuka.
Tunagonga, na ubeti wa Shemweta unanijia wenyewe,
ule aliouandika kwa chaki kwenye ukuta wa chumba cha pampu:

    Chuma usijisifie, chumvi haina papara,
    Usingoje ikujie, ndipo uonje hasara,
    Mapema ujipakie, rangi nzito na imara,
    Fundi naye umwambie, kutu haina kafara.

Hapo mwisho alikosea. Kafara ipo.
Ndani ya beseni tumefunga mapande ya zinki
ili maji yayale hayo kwanza, chuma kisalimike.
Mwanamkasi anashika moja, limebaki mithili ya kokwa.
"Mbona hili limeliwa hivi na bomba ni zima?"
"Limewekwa liliwe."
Analigeuza, anaupitishia kidole ukingo wake.
"Lilikubali?"

Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, tumefungulia maji yote.
Miaka tisa tumekuwa tukisafisha juujuu tu.
Tope jekundu, la magotini, lina harufu ya sarafu.
Koleo linaibua manyoya ya kunguru,
kandambili ya mguu wa kushoto,
kisha, nyuma ya kichujio, kitu kizito kinachogonga saruji.

Nilikijua kabla hajakifuta.

Shemweta alikatwa mshahara wa miezi miwili kwa spana hii,
na wa tatu hakuufikisha: walimvua sare getini,
akabeba viatu vyake kwenye mfuko wa rambo.
Sisi sita tulitia sahihi kwamba hatukuiona.
Na kweli, hatukuiona.
Ila hakuna aliyesema, tuangalie ndani ya beseni,
maana kulikausha kungesimamisha sabuni siku nzima,
na siku ile ilikuwa ya mwisho wa mwezi.

Jioni tunawasha. Feni inakohoa, inashika.
Maji yanashuka sawasawa pande zote mbili,
sijayasikia hivyo tangu nianze kazi,
na Mwanamkasi anacheka peke yake kule juu.

"Niipeleke stoo?" ananiuliza aliposhuka.
Nasema, hapana.
Nimeilaza kwenye mafuta ya taa usiku kucha,
namba imejitokeza, moja na tisa.
Wanasema yuko Muheza, anachonga mipini ya majembe.
Nauli ya Muheza si kubwa.
Ninachokitafuta tangu jana ni sentensi ya kwanza.