Utumbo Hauna Mshairi

Tartu, saa mbili na dakika arobaini asubuhi.
Dirishani theluji haijaamua kama ni mvua.
Moyo wa Heldur Kivimägi, mwoka mikate myeusi,
umesimama kwa amri.
Daktari Tambet hainui macho. "Ni wako," ananiambia,
nami nakuwa moyo wa mtu
aliyeniuliza jana kama Jumapili atakunywa supu.

Mashine yazunguka. Lita nne na nusu kwa dakika.
Damu inatoka nyeusi, inarudi nyekundu,
haina mdundo, inapita kama uzi kwenye kigurudumu,
haibishi hodi kwa mtu.

Wote wanautazama moyo.
Umepewa barafu, umepewa taa, mikono minne,
na lugha nayo imeupa kila kitu:
moyo mweupe, moyo mgumu, piga moyo konde.
Utumbo tumeupa nini?
Mtu akipayuka, twasema anaongea utumbo.

Miaka kumi na tisa kwenye kigoda hiki
naufikiria huo, uliolala gizani chini ya shuka la kijani,
mita kadhaa za mikunjo na subira.
Damu ikipungua, ubongo hudai, figo hununa,
utumbo husema: tangulieni.
Hujinyima kwanza. Ndivyo ulivyoumbwa.
Na utando wake, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
huanza kufa kimyakimya,
hadi vijidudu, wapangaji wa siku zote,
vinajaribu kitasa.

Nina sababu.
Bibi Õie wa Viljandi: tulimshona vizuri hata tukapigana mabega.
Siku ya tatu tumbo likawa gumu kama ubao.
Moyo wake ulipiga mpaka mwisho,
vizuri kabisa.

Saa nne kasorobo. Shinikizo limeshuka: arobaini na nane.
"Dawa ya kukaza mishipa," anasema Tambet.
Naijua. Namba itapanda, sote tutashusha pumzi.
Ni kubana mabomba ya nyumba nzima
ili geji ya sebuleni isome vizuri
na jikoni bomba likohoe hewa.
Nasema, "Subiri."
Naongeza mtiririko. Lita tano. Tano na robo.
Hakuna waya unaonieleza utumbo unasemaje;
nakisia, kama mama wa mtoto asiyelia.
Hamsini na moja. Hamsini na sita.
Tambet kimya. Kimya chake ni ruhusa,
au ni hasira ya baadaye.

Siku ya pili muuguzi Liidia anaweka kipimasauti
chini ya kitovu, si kifuani.
Anasubiri. Anasubiri tena, anafumba macho.
Kisha anainua kidole:
mngurumo, mfupi, mnene,
kama unga uliochachuka ukipigwa ngumi.
Halafu upepo, bila adabu, wodi nzima ikasikia.

Heldur anaona haya. "Samahani," anasema.

Mwombe radhi yeyote umtakaye, Heldur.
Mimi niache nisikilize.