Herufi Kumi

Fundi Mukalay alifungua mgongo wa mashine
kwa bisibisi ya cherehani,
akapuliza vumbi jekundu la Katuba,
akanionyesha kidonge cha chuma, kidogo kama kifungo cha shati.
"Hii pile njo ilikufa. Mashine ni mzima."
Ni mzima, ila haikumbuki kitu.
Sauti thelathini na mbili zimekwenda.
Kwenye kioo chake, palipokuwa na majina,
pana mikwaruzo tu, kana kwamba kuku wamepita.

Yamaha DX saba, kahawia ya mkate ulioungua,
vitufe vyake bapa vimechubuka
pale baba alipozoea kubonyeza.
Miaka ile dunia nzima ilipigiwa piano moja, hii,
ya kioo na maji,
ikilia redioni katika kila wimbo wa mapenzi,
na kengele zake, na besi yake inayong'ata.
Watu waliinunua wakapiga sauti za kiwandani zilivyo,
maana kutunga sauti mpya humo ndani
kulikuwa kama kusoma mkataba wa mgodi:
kitelezi kimoja, na namba, na namba, na namba.
Baba alisoma. Mchana alipima joto la tanuru,
namba hazikumtisha.

Nilikuwa na miaka minane aliponieleza:
humu hamna uzi unaotetema, wala ngozi,
wala hii shaba yetu inayogongwa.
Mna mawimbi sita. Mengine unayasikia.
Mengine huyasikii kamwe,
kazi yake ni kuyatikisa yale yanayosikika,
na mtikisiko ule ndio sauti.
"Mwondoe asiyesikika," alisema,
"anayesikika atabaki mluzi."

Sauti ya kumi na nne hakunieleza.
Kioo kilipokea herufi kumi tu, nafasi ikiwemo,
na jina lilikatika njiani:

KABEDI USI

Usilie? Usisahau? Usiku?
Nilimwuliza mama; akatia chumvi
kwenye sombe iliyokwisha kutiwa chumvi.
Jirani ndiye aliyesema: Kabedi aliimba nao, baa moja ya Kamalondo,
mpaka mwaka ule watu walipoambiwa kwenu ni Kasai,
wakalala stesheni wiki baada ya wiki
juu ya magodoro yao, wakingoja mabehewa.
Baba alikwenda stesheni na mkate.
Alirudi na mkate.

Sasa nina daftari lake, migongo ya hati za mshahara
iliyoshonwa kwa waya.
Mawimbi matano ameyaandika vizuri.
La sita, mvua ya bati bovu imelilamba.

Umeme unarudi saa tano usiku. Natafuta.
Sitini na tatu: kopo linaburutwa.
Sabini na moja: mbu.
Themanini na nane: kengele ya misa, safi mno, si yake.
Narudi nyuma, naenda mbele, nakosea, nazima, nawasha.
Sabini na tisa,
na kidole kinaganda juu ya kitelezi.
Kitu kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuimba.

Siapi kwamba ndiyo.
Nilikuwa mtoto, na mtoto husikia kwa tumbo.
Lakini chumba cha pili mama amezima redio.

Nataka kuihifadhi. Mashine inakataa:
kumbukumbu imelindwa, inasema,
kwa Kiingereza chake cha kiwandani.
Iendelee kulinda?
Pana kitufe cha ndiyo na kitufe cha hapana.
Hapana.

Ndipo naona sauti bado haina jina.
Naandika kwa kidole kimoja, polepole,
nikisikiliza nyaya za barabarani zinavyokoroma,
kabla giza halijarudi:

KABEDI UJE

Nahesabu, nafasi ikiwemo.
Zimetosha.