Swali la Kumi na Saba

Swali la kumi na saba: Je, kaya ina jokofu?
Nilipanda nalo kutoka Khorugh,
saa tisa ndani ya jipu la kukodi,
mto Bartang ukinguruma chini yetu
kama mdai aliyechoka kuahidiwa.
Pale daraja liliposombwa, na nguzo za umeme pamoja nalo,
dereva Imomnazar alizima injini, akazima na redio.
Nikavuka kwa miguu,
fomu kwapani, ndani ya mfuko wa nailoni.

Tutzor ni nyumba kumi na tisa na miforosadi.
Nyumba ya nne: Zarbegim, mjane,
umri sabini na mmoja, au sabini na nne,
inategemea unamuuliza yeye au kitambulisho.
Wajukuu watatu. Baba yao yuko Yekaterinburg, anabeba matofali,
simu yake haipatikani tangu Februari.
Akanitandikia godoro la wageni,
akanimiminia chai ya maziwa na chumvi,
akamega mkate,
nami nikahesabu vipande bila kukusudia.
Kazi hii huharibu macho.

Je, kaya ina jokofu?

"Tunalo!" Akainuka kunionyesha.
Lilikuwa konani, jeupe, refu kumpita,
mumewe alilinunua wakati nchi hii
ilipokuwa bado sehemu ya nchi nyingine.
Akalivuta kwa mikono miwili.
Hakuna mwanga. Hakuna baridi.
Robo gunia ya unga,
forosadi kavu kwenye kopo la rangi,
vyeti vya kuzaliwa,
na viatu vya shule, jozi moja, vinavyovaliwa kwa zamu.
"Panya," akasema, "hawajajua kuufungua mlango huu."

Nikaandika: ndiyo.
Ndiyo hiyo ni alama nne,
na alama nne zilimpandisha juu ya mstari.
Mstari wenyewe nimeuona kule Dushanbe,
mwekundu, mwembamba, kwenye skrini ya mkurugenzi;
ungeweza kuufunika kwa ukucha.
Chini yake, makaa ya mawe ya miezi mitatu.
Juu yake, barua yenye mhuri.
Waliosema mwenye shibe hamjui mwenye njaa
hawakuijua fomu:
fomu haimjui yeyote.

Nyumba ya tano, Khudoyor, jokofu: hapana.
Zizini, chini ya nyasi kavu,
niliuona waya umechungulia, na plagi yake.
Yeye akaniona nikiuona.
Binti yake alikuwa akikohoa chumba cha pili,
kikohozi kirefu, cha kuvuta pumzi kutoka mbali.
Sikuandika habari za waya.
Sitakwambia kwamba nilifanya vyema.

Mwisho wa fomu kuna kisanduku:
Maelezo mengine, yasizidi maneno hamsini.
Usiku ule, kwa tochi ya simu,
niliandika arobaini na tisa juu ya jokofu la Zarbegim,
nikafuta, nikapanga upya,
nikaliacha neno la hamsini wazi
kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi kwenye benchi.

Ripoti ya robo mwaka ilitoka Julai, karatasi nzuri, jalada la bluu.
Asilimia tisini na moja ya walengwa wamefikiwa.
Nililitafuta jokofu ukurasa kwa ukurasa.
Nililipata ukurasa wa thelathini na nane,
limekuwa sentensi moja:
"Changamoto ndogondogo zilijitokeza nyanjani."

Bibi, hukuniuliza jibu gani ndilo zuri.
Na mimi kanuni inanikataza kukuashiria,
hata kwa jicho.
Ulisema ndiyo kwa sababu lilikuwepo,
kwa sababu mumeo alilibeba mgongoni
kutoka pale lori liliposhindwa.

Ninachokumbuka ni mlango.
Mpira wake bado una nguvu.
Ulipousukuma, ulijifunga wenyewe, taratibu,
kwa sauti ya kitu
kinachofanya kazi yake.