Asife

Kiitaliano sikijui. Niseme mapema.
Niliokota maneno manne kwa padre mzee wa misheni,
yote ya kufokea mbuzi waliokula kabichi zake:
toka, basi, polepole, Mungu wangu.
Kwa mtaji huo nikafungua kibanda Kibaigwa,
nyuma ya mizani ya soko:
mabenchi sita, turubai, jenereta lenye kikohozi,
na kipaza sauti nilichokifunga kwa mpira wa baiskeli.

Tamthilia ilikuja kwenye flashi, haina jalada.
Mji wa mawe, ngazi nyingi, wanaume wa makoti
wanaobusiana mashavuni kabla ya kuzikana.
Mimi nasoma mikono.
Vidole vitano vikikutana kama vinamega tonge, anadai.
Vikipita chini ya kidevu, hana habari nawe.
Yaliyobaki najaza mwenyewe.
Mkubwa wao, mwenye pete na kifua kibovu,
nilimwingiza sebuleni kwa "Mbukwenyi!"
na kibanda kizima kikaitika "Mbukwa!"
mpaka turubai likatikisika.

Sehemu ya tatu anaingia kwa muuza mikate.
Haombi. Anashika mkate, anaunusa, anaurudisha.
Mwanamke anafungua droo.
Hapo ulimi wangu ukateleza, au haukuteleza,
mpaka leo sijui:
"Mama, gunia halilali peke yake.
Mia tano ya kivuli, kila gunia, kila jioni."

Mabenchi yakanyamaza. Likasikika jenereta tu.
Maana maneno hayo hayakutoka Italia.
Yalikuwa ya Mchiwa,
na Mchiwa alikuwa benchi la mbele,
miguu ameinyoosha, karanga kiganjani.

Mchiwa hana bunduki. Ana daftari la shule, la mistari.
Usipomlipa, mahindi yako hayaibiwi.
Yanalowa tu.
Mwezi wa Agosti, Kibaigwa,
ambako hata mate hukauka kabla ya kutua,
magunia yako yanalowa.

Nikasubiri. Akatafuna. Akameza.
"Rudisha nyuma," akasema. "Hapo pa mkate."
Nikarudisha mara tatu,
naye akacheka kicheko cha mtu
aliyeonyeshwa picha yake ya ujana.

Jumanne akaja sokoni na koti.
Jua la saa saba, koti jeusi la sufu,
anawabusu makuli mashavuni, makuli wanafuta jasho lake.
Akachota mahindi ya Nhonya, akayanusa, akayarudisha.
Kivuli kikapanda: mia saba.
Na mimi niliyedhani nimemchongea,
kumbe nimemshonea.

Kabla ya sehemu ya mwisho alinifuata kwenye jenereta.
"Yule mkubwa. Nasikia anakufa."
Sikujibu. Akatoa elfu kumi, akaikunja mara nne,
akaitia kwenye mfuko wa shati langu, akaupigapiga.
"Asife."

Usiku ule watu walichungulia hata kwa matundu ya turubai.
Mkubwa anatoka kwa kinyozi, povu bado shingoni.
Pikipiki. Ya pili.
Akakaa kwenye ngazi kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani.
Koti likafunguka. Damu ikatafuta mfereji.
Nami kwenye kipaza sauti, kwa sauti nisiyoijua:
"Amechoka. Anapumzika kidogo.
Kesho ataendelea na kazi."

Hakuna aliyecheka.
Mchiwa aliitikia kwa kichwa.
Kisha nyuma kabisa, wanakokaa wapepetaji,
wale wanaofagia punje zilizodondoka chini ya malori
na kuzipepeta mpaka ziwe chakula,
Mbeleje, ungo mapajani, akasema bila kupaza:
"Kafa huyo. Tumemwona."

Nikazima kipaza sauti.
Kwenye ngazi mkewe alikuwa amepiga magoti,
analia neno moja katika yale manne ya padre.
Sikulitafsiri.