Toleo la Thelathini na Moja

Bi Obdulia Outeiriño huja ofisini Jumanne,
siku ya gulio, kabichi ikichungulia kapuni,
mwavuli ukichuruzika kwenye sakafu ya halmashauri.
Hapa Ourense mvua haibishi hodi.
Anaketi. Anafungua kitambaa cha kichwa. Anasema:
"Mrudishe dada yangu."

Dada yake, Erundina, alikuwa kwenye ukurasa
wa kijiji kilichozama walipojenga bwawa:
aya ya tatu, baada ya kinu, kabla ya makaburi kuhamishwa.
Mwezi Mei mpwa wa diwani alipita na fagio,
akafupisha. Aya ikawa sentensi,
sentensi ikawa "na wakazi wengine".

Nikamwambia, bibi, hili ni jambo dogo.
Mfumo wetu hausahau. Kila mguso una toleo lake,
tarehe yake, saa yake, jina la aliyegusa.
Toleo la thelathini na moja, Machi, saa nne asubuhi,
herufi elfu nne mia mbili na kumi na mbili.
Nikabonyeza Rejesha
kwa madaha ya mtu anayefungua mlango wa nyumba yake.

Ukurasa ukaja mweupe.

Nikashuka kwenye hifadhidata, jedwali kwa jedwali.
Toleo lilikuwepo: namba, tarehe, hata ile hesabu ya herufi.
Maneno ndiyo hayakuwepo.
Yalikuwa yamelazwa jedwali la pili, na jedwali la pili
lilifagiliwa Agosti ili seva ipate kupumua.
Nani alifagia? Nikatazama.
Jina langu. Ijumaa, saa kumi na moja jioni,
mtu mwenye haraka ya kwenda kula pweza.
Mchimba kisima, basi, na kisima chake.

Wiki mbili nilihangaika na nakala ya akiba.
Niliipakia, ikagoma: ufunguo huu una mwenyewe.
Thelathini na moja ya zamani na thelathini na moja tupu
hazikai kiti kimoja.
Nikabadilisha namba. Picha zikaja zikielekeza
kwenye faili zisizokuwepo, vidole vikionesha ukuta.
Kisha, Jumanne, saa tano kasorobo, aya ya tatu ikatokea:
*Erundina Outeiri?o, mwoka mikate.*

Bibi akasogeza miwani.
Akaweka ukucha juu ya alama ile ya kuuliza,
pale herufi yetu yenye wimbi kichwani ilipovunjika.
"Hata mashine," akasema, "inauliza sisi ni akina nani."

Nikaanza kueleza jinsi herufi zinavyogeuzwa namba,
na namba zinavyosomwa vibaya na seva ngeni.
Hakusikiliza. Alikuwa kwenye mwaka wa ukame,
bwawa liliposhuka na mapaa yakatoka majini.
"Tulitembea kwa miguu hadi mlangoni. Tanuri lilikuwepo,
mdomo wazi, limejaa tope na makome.
Watu walipiga picha, wakasema kijiji kimerudi.
Mimi nilitia mkono ndani.
Baridi."

Nikafuta alama ya kuuliza. Nikaandika ñ mwenyewe,
herufi moja, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano.
Kidole kikaelekea Hifadhi.
"Ngoja. Ongeza kwamba alikuwa na kigugumizi,
isipokuwa akihesabu mikate."
Nikasema hilo halikuwemo toleo la Machi.
"Machi," akasema, akifunga tena kitambaa,
"sikuwa nimelikumbuka."

Toleo la hamsini na nane. Saa tano na dakika tisa.
Kwenye nafasi ya mwandishi nikafuta jina langu,
nikamwuliza lake linavyoandikwa,
ingawa nalijua.